Punda, jahazi na lori: nani anihamishie nyumba kutoka Lamu hadi Nakuru?

SWALI: Shikamoo ami. Mimi ni mwalimu, nakaa Langoni, Lamu. Mume wangu amepata kazi Nakuru, na mwezi wa Januari tunamfuata, mimi na watoto watatu. Tunakaa ghorofa ya kwanza, vyumba vitatu, na nina kasha na kitanda cha samadari nilivyoachiwa na nyanya yangu. Nimepewa bei tatu. Kampuni ya Nairobi imenitajia shilingi 95,000 kwa simu, bila kuja kuona. Kampuni ya Mombasa ilimtuma mtu, akazunguka nyumba nzima, kisha wakaniandikia 168,000. Na kuna dereva wa kenta, lori dogo, anayeleta bidhaa Mokowe na kurudi tupu, yeye anataka 60,000 tu. Mume wangu anasema tumchukue wa kenta. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na mumeo, kwa sababu hakukosea sana. Lori linalorudi tupu huwa rahisi kwa kuwa aliyeagiza saruji au soda ameshalipia safari ya kuja, na dereva akirudi bila mzigo anakula hasara ya mafuta. Chochote utakachompa ni afadhali kwake. Mimi kazi yangu ni hii hii ya kuhamisha watu, nimeianza Malindi nikiwa tanboi, msaidizi wa dereva wa lori, na bado vitu vyangu mwenyewe nimevihamisha kwa lori la kurudi mara mbili.

Lakini hebu mpigie huyo dereva umwulize: hizo 60,000 zinaanza kuhesabiwa wapi? Atakwambia Mokowe, gati la ng'ambo upande wa bara. Lori lake halivuki maji. Kwa hiyo ngazi za nyumba yako, vichochoro vya Langoni, punda, gati, jahazi na mahamali wa ng'ambo, yote hayo ni juu yako, na mikono itakayogusa vitu vyako huko kote haimjui yeye wala yeye haijui.

Kisha mpigie yule wa Nairobi na umwulize swali lilo hilo. Naogopa hajui. Watu hawa huandika "Lamu" kwenye simu, ramani inawachorea barabara, wanazidisha kilomita kwa bei yao, basi. Siku ya kuhama, saa 2 asubuhi, dereva anapiga: "Nimefika Mokowe, nyinyi mko upande gani?" Unamwambia uko kisiwani. Kimya. Halafu anasema ngoja niongee na ofisi. Hapo bei mpya inazaliwa, na wewe umeshakunja magodoro, funguo umeshamrudishia mwenye nyumba, watoto wamekaa juu ya maboksi. Utalipa tu.

Kwa hiyo unazo bei za safari tatu tofauti, na ni moja tu, ile ya Mombasa, ambayo huenda inaanzia chumbani kwako. Nasema huenda kwa sababu karatasi yao sijaiona. Isome tena. Kama imeandikwa "Lamu hadi Nakuru" na hakuna zaidi, warudishie waandike "kutoka chumbani ghorofa ya kwanza, Langoni, hadi ndani ya nyumba Nakuru, pamoja na mahamali, punda, jahazi na upakiaji Mokowe". Mstari mmoja huo una thamani kuliko nembo zote walizochora juu ya karatasi.

Sasa nikwambie kwa nini nashikilia hili. Kutoka Mokowe hadi Nakuru ni karibu kilomita 1,000: hadi Malindi kama 220, Malindi hadi Mombasa kama 120, Mombasa hadi Nairobi karibu 485, kisha 160 hivi za kupanda Nakuru. Watu wakisikia kilomita 1,000 wanaogopa barabara. Mimi kwa miaka yote hii sijaona vitu vingi vikivunjika lorini, kama vimefungwa na mtu anayejua kufunga. Vitu huvunjika vinapotoka mkono huu kwenda mkono ule. Na safari yako, kabla haijagusa lami, ina mikono minne: aliyekitoa kitu chumbani, aliyekipeleka gatini, aliyekipokea jahazini, na aliyekipandisha lorini Mokowe. Kama kampuni ina tabia ya kuchanganya mizigo ya wateja na kuibadilisha lori Mombasa au Nairobi, ongeza mikono mingine miwili.

Dada yangu alihama Lamu kwenda Mombasa, na mimi nikiwa ndugu mwenye ujuzi nikampangia kila kitu kwa vipande ili kuokoa pesa. Hamali wake, jahazi lake, lori lake. Friji lilishuka ngazi limesimama, nililiona kwa macho yangu. Gatini nahodha alikuwa na haraka, maji yanapwa, akasema lilazwe juu ya magunia ili lisiyumbe. Mokowe tanboi alilikuta limelala, akalipandisha lorini vile vile lilivyo. Lilifika zima, halina hata mkwaruzo. Usiku ule ule watoto walitaka maji ya baridi, wakalichomeka. Siku ya tatu lilinyamaza, na fundi akasema mashine imekufa. Friji likilala, mafuta ya mashine huingia kwenye mabomba ya gesi, na likiwashwa kabla hayajarudi mahali pake, mashine inasaga kavu. Tukaanza kuulizana nani alipe. Hamali: mimi nilitoa limesimama. Nahodha: mimi nilikuta halina boksi wala alama. Dereva: mimi nililikuta limelala. Wote watatu walisema kweli, na dada yangu akanunua friji jipya. Mpaka leo tukigombana kwa jambo jingine kabisa, friji linatajwa.

Ndiyo maana nakwambia, unapolipa kampuni unalipia mtu mmoja atakayesema "mimi" kila kitu kikivunjika, popote kilipovunjikia. Lori anaweza kukodi yeyote. Kama kampuni haiko tayari kuandika kwamba inawajibika kwa mahamali na kwa jahazi pia, basi haina tofauti na yule wa kenta isipokuwa fulana za rangi moja.

Yule mtu wa Mombasa aliyezunguka nyumba, alifanya nini hasa? Mkaguzi wa kweli hushuka na kupanda ngazi zako na futi mkononi. Nyumba za mawe za Lamu ngazi zake ni nyembamba, mwinuko mkali, na hukata kona ghafla. Kuna vitanda na makabati yaliyoungwa ndani ya chumba ambayo hayajawahi kupita mlangoni yakiwa mazima na hayatapita. Mkaguzi huangalia njia ya kutoka nyumbani hadi baharini, wapi punda wawili hawapishani. Huuliza una vitabu vingapi, kwa kuwa wewe ni mwalimu na vitabu ndivyo vinavyovunja migongo. Huuliza nini huendi nacho. Huangalia Nakuru unakokwenda ni ghorofa ya ngapi na lori linaweza kufika mlangoni au la. Kama alikaa barazani akanywa juisi ya ukwaju na kuhesabu vyumba kwa kidole, bei yake nayo ni ya simu, ila imetembea.

Mwambie akuandikie orodha ya vitu, kimoja kimoja, na hali ya kila kimoja: "meza, mguu mmoja umechubuka". Orodha hiyo itakusaidia mara tatu. Kwanza bei haiwezi kupanda kwa kisingizio kwamba vitu vimezidi. Pili, kwenye vizuizi vya polisi kati ya Hindi, Witu na Minjila, askari wakitaka kujua lori limebeba nini, dereva anatoa karatasi badala ya kufungua turubai. Tatu, kila mkono unaopokea unatia sahihi juu yake: nahodha pale gatini, dereva pale Mokowe. Ningekuwa nimefanya hivyo, friji la dada yangu lingekuwa na wa kulilipa.

Nije kwenye maji, maana hapa kampuni za bara hukosea zote, na za Mombasa nyingi pia. Wewe ni wa Lamu, haya unayajua, lakini nina hakika mkaguzi hakuyauliza. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kama dakika 50. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji hujaa kiasi cha saa 10, alfajiri na alasiri, na hupwa kabisa kwenye saa 4 na saa 5 asubuhi. Na saa 4 asubuhi ndiyo saa ambayo kila anayehama hufika gatini na vitu vyake. Basi jahazi liko chini, karibu mita tatu chini ya pale maji yalipokuwa alfajiri, ngazi za gati zimefunuka, zimeota ukijani, na mahamali wanne wanateremka na kabati kinyumenyume kwenye utelezi. Nimeona kabati la vioo likienda majini hivyo. Halikuanguka kwa kishindo; liliwaponyoka taratibu, likaelea kidogo kama mtumbwi, kisha likainama upande.

Kwa hiyo usichague siku ya kuhama kwa kalenda ya ukutani. Chagua maji mafu, tarehe 8 au 9, au 22 au 23 za mwezi mwandamo. Siku hizo maji hujaa kwenye saa 4 na saa 5 asubuhi, na tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, kwa hiyo jahazi linakaa karibu na ukingo wa gati muda mrefu na mahamali wanapakia kwa nafasi. Kampuni ikikwambia tarehe haibadiliki kwa sababu lori limeshapangwa, waambie basi wapange na bahari pia.

Januari ni kaskazi. Mkondo wa kwenda Mokowe si bahari kuu, ni safari ya kama nusu saa kwa boti ya mashine ya kubeba mizigo, na mawimbi yake hayatishi. Kinachoharibu ni rasharasha. Maji ya chumvi yakiingia kwenye godoro hayakauki vizuri tena. Yakiingia nyuma ya televisheni utaanza kuona madoa baada ya wiki mbili na hutajua yametoka wapi. Dai turubai chini na turubai juu, na dai jahazi liwe la vitu vyako peke yake siku hiyo. Nahodha atataka kuongeza mifuko michache ya saruji ya mtu, njia ni moja. Vumbi la saruji na kiti cha kitambaa havikai pamoja. Na wewe na watoto msipande juu ya mizigo. Pandeni boti ya abiria, na kila mtu avae jaketi la kuokolea.

Kuhusu punda: vitu vya maboksi madogo na vitabu vinakwenda vizuri kwenye shogi, ule mfuko wa mgongoni mwa punda, nusu huku nusu huku, uzito sawasawa. Makabati na friji yabebwe na watu. Punda akizidishiwa mzigo atasimama kichochoroni, na hapo hata mkuu wa kaunti akija hatamsogeza. Kuna hospitali ya punda Lamu tangu 1987, na wapo wanaoletwa pale kwa kubebeshwa vibaya. Waambie mahamali wako waziwazi kwamba hutaki kuona hilo.

Kanuni moja ambayo sijawahi kuivunja tangu yale ya friji: jahazi lisiondoke Lamu mpaka lori lionekane Mokowe kwa macho ya mtu wako. Usikubali "liko njiani", wala "limefika Hindi". Muweke mdogo wako au jirani pale ng'ambo, apige picha ya namba ya gari na uso wa lori, akutumie, ulinganishe na namba iliyoandikwa kwenye mkataba, ndipo useme kamba ifunguliwe. Vitu vya nyumba nzima vikilala gatini Mokowe usiku, hata kama haviibiwi, umande wa chumvi unavimaliza.

Barabara yenyewe nitaipitia haraka. Siku hizi ni lami kutoka Mokowe kupitia Witu hadi Minjila, na kipande hicho lori likipite mchana. Usalama wa huko unajua mwenyewe, na utaratibu wa askari hubadilika, kwa hiyo dereva aulizie polisi siku moja kabla. Mvua zikiwa nyingi mto Tana hufurika kule Gamba na kukata njia, lakini Januari kwa kawaida ni kavu. Baada ya Malindi madereva wengi hukatia Mavueni kupitia Kaloleni wakatokee Mariakani, wanakwepa msongamano wa Mombasa. Hakuna ubaya. Ubaya ni dereva mmoja anayekuahidi kwamba akitoka Mokowe saa 8 mchana, kesho yake saa 2 asubuhi yuko Nakuru. Huyo anapanga kulala akiwa na usukani mkononi. Safari hii ni ya siku mbili kamili, au ya madereva wawili. Na uulize lori likilala njiani linalala wapi.

Bima sasa. Dereva wa kenta akikuonyesha stika ya bima kwenye kioo, hiyo ni ya gari na ya watu litakaowagonga. Haihusu samadari yako. Bima unayoitaka ni ya mizigo ikiwa safarini, na kampuni nyingi husema wanayo. Omba kuiona karatasi, na uangalie mambo matatu. Inafidia hadi shilingi ngapi kwa safari moja? Maji yametajwa, au inaanza lori linapowashwa? Nimeona bima nzuri kabisa ambayo ilikuwa ya barabara tu, na kwenye karatasi zile kisiwa cha Lamu hakikuwapo duniani. Na tatu, inafidia boksi ulilofunga mwenyewe? Mara nyingi haifidii. Bima husema hatujui uliweka nini wala uliwekaje. Kwa hiyo vyombo vya udongo, vioo na televisheni waachie wao wafunge, hata kama wewe unafunga vizuri zaidi. Nguo, sufuria na vitabu funga mwenyewe. Vitabu kwenye maboksi madogo, ya ukubwa wa katoni ya maziwa ya pakiti, usizidishe.

Kwenye malipo, usitoe zote mbele. Kiasi fulani cha kushika tarehe, kiasi vitu vikishapanda lori Mokowe, na salio baada ya kuhesabiwa Nakuru. Kampuni nyingi zitataka salio kabla ya kufungua mlango wa lori. Waambie utalipa boksi la kwanza likiwa ndani na la mwisho likiwa mlangoni, na mwandike hivyo. Lipa kwa namba ya M-Pesa iliyosajiliwa kwa jina la kampuni. Ukiona jina la mtu binafsi linatokea kabla hujabonyeza, simama hapo hapo. Kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, unaweza kuhakikisha kama kampuni imesajiliwa, na kwa lori, kujua mwenye gari ni nani. Tena waulize kama ile 168,000 ni pamoja na VAT. Kama siyo, asilimia 16 ni shilingi 26,880 zaidi, na hizo si pesa za kugundulia Nakuru. Likitokea la kutokea na wakakataa kufidia, mahakama ya madai madogo husikiliza kesi za hadi shilingi milioni moja, na huhitaji wakili. Lakini utahitaji ile orodha yenye sahihi.

Tuzungumze kasha na samadari ya nyanya yako, kwa kuwa nimehisi ndilo hasa lililokufanya uandike. Kasha litolewe kila kitu, hata zile nguo unazosema ni nyepesi. Lisibebwe kwa mikono yake ya shaba; ile imekaa kwa pambo na kwa kusogeza chumbani, na misumari yake ina umri kuliko mimi na wewe. Libebwe kwa chini, watu wanne. Lifungwe kwa mkeka kwanza, kisha blanketi, kisha kamba. Plastiki moja kwa moja juu ya mbao usiweke, inafungia unyevu na kuotesha ukungu mweupe.

Samadari mtafute fundi seremala wa hapo Lamu aifungue, si kijana wa kampuni na nyundo yake. Vitanda hivyo vimeungwa kwa ndimi na mambo, yaani vigingi vidogo vya mbao, na kila mguu uliokerezwa una mahali pake. Hata kama yote minne inafanana kwa macho, mguu wa kulia hauingii kushoto. Fundi aandike kwa chaki kila kiungo, A na A, B na B, wewe upige picha, na vigingi vyote viingie kwenye soksi moja ifungwe kwenye ubao wa kichwani. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya bahari, hewa yake ni kavu, usiku ni baridi. Mbao iliyoishi Lamu miaka mingi imezoea unyevu. Ikifika huko itajikaza na viungo vitalegea, na usiku utaisikia ikilia. Usiogope, na usimwite fundi aipige gundi wiki ya kwanza. Iache miezi kadhaa, mbali na dirisha la jua na mbali na jiko la makaa, ndipo ikazwe. Na kama kwa bahati mna mlango wa kuchongwa au kitu kingine cha kale mnachotaka kuondoka nacho, piteni kwanza ofisi ya Makumbusho ya Taifa hapo mjini. Mji wenu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, na ni afadhali kuuliza nyumbani kuliko kuulizwa kizuizini.

Kabla ya kuamua nani, punguzeni. Hapa ndipo bei inashuka kweli, kuliko kubishana na mtu wa kampuni. Kochi la miaka kumi ambalo mngeliuza Langoni kwa bei yoyote halistahili kupanda jahazi. Nakuru kuna maseremala wa kutosha. Mtungi wa gesi usisafiri na mzigo. Mwachieni ndugu, mnunue mwingine huko. Feni mbili zinatosha, hata hizo sijui mtaziwasha lini. Nina dhana kwamba mkiondoa kochi, kabati la jikoni na magodoro yaliyochoka, kampuni ya Mombasa inaweza kutumia gari dogo zaidi, na bei iandikwe upya.

Mimi ningekwenda na Mombasa, kwa masharti haya: mstari ule wa "kutoka chumbani" uandikwe, bima itaje maji, na tarehe ifuate maji mafu. Waite mapema, kwa sababu Januari watu wengi huhama shule zikifunguliwa na malori hukosekana. Nairobi waachie. Na kama pesa haikubali kabisa na mumeo ameshikilia kenta, basi mwambie amchukue akijua anakuwa yeye ndiye kampuni: yeye apange na mahamali, yeye amlipe nahodha, yeye awe gatini na karatasi, yeye awe na mtu Mokowe, na vitu viwe vimepunguzwa mpaka viingie kenta moja bila kubanwa, maana vitu vya nyumba hujaza nafasi kabla havijajaza uzito. Kasha na samadari hata hivyo nisingempa. Hivyo viwili mngevilipia kampuni peke yake, vikaja na mzigo mwingine hata baada ya mwezi.

Vyeti vya watoto, barua yako ya uhamisho, dhahabu na dawa vikae kwenye begi lako mkononi, usimkabidhi mtu yeyote hata akiwa na fulana ya kampuni.

Nakuru, usitie sahihi ya kupokea kabla hujahesabu. Wakiharakisha, andika juu ya karatasi "boksi 14 halijaonekana" au "kasha limekwaruzwa upande wa kulia", ndipo utie sahihi chini yake. Friji lisimame mpaka kesho yake kabla ya kulichomeka, hata watoto walie. Na waambie wapakiaji mablanketi, masweta na godoro moja kubwa vipandishwe lorini mwisho kabisa, karibu na mlango, ili vishuke kwanza. Watoto wa Lamu hawajawahi kulala kwenye baridi ya Nakuru, na lori lina tabia ya kufika magharibi.